Nina miaka 46 na nataka kuhama kazi: nani atanisemea?

SWALI: Mimi ni mhasibu, nipo Morogoro. Nimefanya kazi kwenye shule moja ya sekondari ya binafsi kwa miaka 14. Kabla ya hapo nilikuwa kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Kampuni ile ilishafungwa, na mhasibu mkuu aliyenifundisha kazi alifariki. Sasa nimeona tangazo la shirika moja la miradi ya maji Dodoma, wanatafuta mhasibu mwandamizi. Wanataka wadhamini watatu, na mmoja awe msimamizi wangu wa sasa. Shuleni hawajui kama natafuta kazi. Mwenzangu mmoja alipojulikana kuwa ameomba kazi kwingine aliandikiwa barua ya kujieleza, na maisha yakawa magumu mpaka akaondoka mwenyewe. Nimefikiria kuandika mchungaji wangu, mjomba wangu ambaye aliwahi kuwa mkuu wa wilaya, na mhadhiri aliyenifundisha chuoni. Mjomba ameshakubali, tena anasema hata kumpigia mkurugenzi wa shirika anaweza. Je, hao watatu watatosha? Na nikimwacha mjomba ataona nimemdharau?
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Hawatoshi, dada yangu, wote watatu. Lakini wanaofaa unao, ila hujawahesabu kwa sababu umewatafuta juu tu. Ukifika umri wetu, waliokuwa juu yetu wamestaafu, wamefariki au wamebadilisha namba. Walioiona kazi yako miaka hii kumi na minne walikuwa pembeni yako na chini yako, na huko ndiko nitakakokupeleka.

Kwanza ujue simu yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wengi huandika majina bila kujua nani atapiga na atauliza nini. Nimekaa upande wa anayepiga kwa muda mrefu. Nikiwa na jina la mdhamini mezani nauliza: unamfahamu vipi huyu? Mlikuwa pamoja kuanzia lini hadi lini? Kazi yake hasa ilikuwa nini, si cheo, kazi? Aliwahi kukataa kusaini kitu? Kilitokea nini? Ni jambo gani bado linamshinda? Ungekuwa na nafasi leo, ungemchukua tena? Maswali hayazidi hapo sana, na nikipata mtu anayejua anachozungumza, dakika kumi zinatosha.

Sasa mpigie mchungaji kichwani mwako. Atasema wewe ni mama mwema, unaimba kwaya, hukosi ibada, na familia yako ni ya mfano mtaani. Namsikiliza kwa heshima, nashukuru, nakata simu. Karatasi yangu inabaki nyeupe. Hajasema uongo hata kidogo, ila mimi nilikuwa nauliza habari za vocha, yaani hati za malipo. Akipigiwa mkaguzi wa nje aliyekuwa anakuja shuleni kila mwaka, yeye anaweza kusema hivi: "Mwaka mmoja tulikuta vocha ya dizeli haipo. Kabla hatujauliza, tukaona ameshabandika karatasi mbele ya faili, kaandika namba ya vocha, kiasi, nani aliichukua na tarehe. Kwenye shule nyingine tungekaa siku nzima kuitafuta." Hapo mimi naandika. Kwa kisa hicho kimoja nimeshajua huyu mama anafanyaje kazi bosi akiwa hayupo.

Mchungaji ana mahali pake. Hospitali, shule na mashirika ya makanisa mara nyingi huomba barua ya kiongozi wa dini, na misikiti na taasisi zake hali kadhalika. Kama tangazo limesema hivyo, mpeleke. Kama halijasema, mwache aendelee kukuombea. Na usichanganye hilo na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ambayo inaeleza unaishi wapi na si unafanya kazi namna gani.

Mhadhiri anamfaa kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, maana hana pengine pa kushika. Kwa mtu wa miaka 46, jina la mhadhiri lina hasara ambayo huioni: anayesoma fomu anajiuliza, kwani tangu chuo hakuna aliyemwona akifanya kazi? Halafu fikiria mhadhiri mwenyewe. Amefundisha ukumbi mzima kila mwaka, na wewe ulikuwa mstari wa tatu kutoka nyuma. Atakumbuka sura, kama atakumbuka.

Mjomba nitamrudia mwishoni, kwa sababu ana swali lake.

Basi tuanze kuwahesabu. Chukua karatasi, mwaka baada ya mwaka tangu uingie shuleni, na uandike kila aliyekuwa anasubiri kitu kutoka kwako: mshahara, taarifa ya fedha, hundi, majibu. Usichague bado, andika tu. Utashangaa orodha inavyorefuka, na nakuhakikishia kuna watu ndani yake ambao hamjaongea miaka mitano lakini bado wanakutaja kwa wema.

Wa kwanza namtafuta mkuu wa shule aliyekwishaondoka. Shule binafsi hubadilisha wakuu mara kwa mara, na kwa miaka kumi na minne lazima umewapitia kadhaa. Yule uliyefanya naye kazi kwa karibu, ambaye sasa yupo Iringa au Moshi au amestaafu analima, ndiye bora kuliko wote kwa hali yako. Alikuwa mkubwa wako, kwa hiyo fomu inaridhika. Hayupo tena shuleni, kwa hiyo siri yako haivuji. Ila jiulize aliondoka vipi. Kama aligombana na mwenye shule, muulize kabla kama anaweza kuzungumza habari zako bila kurudi kwenye ugomvi wake, maana nimewahi kupiga simu kuuliza habari za mtu nikaishia kusikiliza historia ya mshahara usiolipwa.

Wa pili ni yule mkaguzi. Hapa kuna utaratibu wa kuheshimu. Wakaguzi wanafungwa na usiri wa mambo ya mteja, na kampuni nyingine haziruhusu watu wao kuwa wadhamini wa wafanyakazi wa mteja. Muulize wazi kama anaruhusiwa. Kama ameshahama kampuni ile inakuwa rahisi zaidi, lakini hata hapo azungumzie ulivyofanya kazi, asizungumzie hesabu za shule. Kwa mhasibu, sauti ya mkaguzi ni nzito kuliko ya mwenye shule, kwa sababu mkaguzi hana sababu ya kukupendelea. Kama umesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, weka na namba ya usajili kwenye CV. Hiyo si ya mdhamini, ila inamwonyesha anayesoma kuwa kuna mahali pengine pa kuhakiki.

Wa tatu ndiye watu wanamruka: mtu uliyemfundisha wewe. Nadhani alikuwepo karani wa ada aliyekuja hajui hata kupanga risiti, ukakaa naye, na leo ni mhasibu mahali fulani. Au kijana wa kompyuta mliyehangaika naye usiku wakati ada zilipoacha kupokelewa mkononi zikaanza kulipwa benki. Nakupendekezea sana huyu wa aina ya pili, na sababu yake ni hii. Mwajiri anapoona umri wa miaka 46 na miaka kumi na minne mahali pamoja, ana maswali mawili asiyoyauliza kwenye usaili kwa sababu anaona aibu. Je, huyu mama atakubali kuelekezwa na bosi wa miaka thelathini na mbili? Na je, anajifunza mfumo mpya, au ndiye yule anayechapisha kila kitu kwenye karatasi? Mkuu wa shule mstaafu hawezi kujibu hayo. Kijana wa kompyuta anaweza, kwa kisa kimoja tu: "Wiki mbili za mwanzo alikuwa ananipigia kila siku. Mwezi uliofuata yeye ndiye alikuwa anawafundisha wengine, na kuna kosa kwenye ripoti ya mfumo alilikamata yeye, sisi hatukuliona."

Wengi wanaona haya kuweka jina la mtu mdogo, wanaona kama wanajishusha. Kwa nafasi ya mwandamizi ni kinyume. Utapewa watu wa kusimamia, na aliyewahi kusimamiwa na wewe ndiye anayejua unasimamia vipi.

Muuzaji aliyekuwa analeta unga na maharage kwa mkopo naye anakufahamu, na anaweza kusema ulilipa kwa wakati au ulimweleza ukweli pesa ilipochelewa. Mimi ningemweka akiba tu. Mhasibu na muuzaji wakisifiana sana, mwenye kazi ya kuajiri huanza kunusa asilimia kumi, hata kama haipo.

Mwenyekiti wa bodi ya shule usimguse kwa sasa, hata kama mnaheshimiana. Yeye na mwenye shule wanakutana.

Sasa kuhusu msimamizi wa sasa, ambaye ndiye anayekunyima usingizi. Fomu karibu zote humtaka, na karibu waajiri wote wenye busara wanaelewa kwa nini huwezi kumtoa mapema. Usiiache nafasi ile wazi, na usiandike jina lake ukaomba Mungu wasimpigie. Andika cheo chake na jina la shule, kisha maneno haya: "Naomba muwasiliane na mwajiri wangu wa sasa baada ya mimi kupewa ofa na kutoa idhini." Halafu mweke mkuu wa shule wa zamani kama msimamizi wa kuzungumza naye kwa sasa. Ukiitwa kwenye usaili lirudie kwa mdomo, kwa utulivu, bila kusimulia yaliyompata mwenzako. Ukianza kueleza ubaya wa shule, kilichokuwa tahadhari ya kawaida kinageuka kesi.

Wakikupenda watakupa ofa yenye sharti kwamba taarifa za mwajiri wa sasa zihakikiwe. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanafurahi, wanaandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo, kisha sharti halitimii. Usiandike barua hiyo mpaka ofa iwe imesainiwa na pande zote na umeelewana nao hatua ya mwisho itakwendaje. Namna iliyo safi ni wewe kumwambia mkuu wako kwanza, ana kwa ana, asubuhi, na shirika kupiga simu mchana au kesho yake. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya siku zisizopungua 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo uusome kabla hujamtajia mtu tarehe ya kuanza.

Tena Morogoro si kubwa. Wenye shule wanajuana, na watu wa rasilimali watu wana tabia ambayo hawaiandiki popote: simu ya pembeni. Nimeona jina la shule kwenye CV, nakumbuka kuna rafiki yangu aliwahi kufundisha pale, nampigia: "Eti, fulani ni mtu wa namna gani?" Si utaratibu mzuri, na kwa maoni yangu si haki kwa mwombaji, lakini hutokea kila siku. Huwezi kuizuia kabisa. Unaloweza ni kusema waziwazi kwenye barua ya maombi kwamba maombi haya ni ya siri kwa mwajiri wako. Sentensi hiyo humfanya mtu mstaarabu aweke simu chini.

Tuje kwenye kampuni iliyofungwa. Marehemu mhasibu mkuu usimwandike. Usidhani nakutania, watu huandika, kwa mawazo kwamba hakuna atakayehakiki. Mimi napiga, anapokea mjane au mtoto, na hapo mwombaji ameshaharibu. Badala yake tafuta yeyote aliyekuwa ofisini wakati ule: mtunza ghala, mtu wa mauzo, keshia mwenzako. Hao hupatikana misibani na kwenye makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi. Kama kuna kundi la waliowahi kufanya kazi pale, na aghalabu lipo, ingia na usalimie kwanza. Usianze na shida.

Na hata usipompata mtu, kazi ile inathibitika kwa karatasi. Sheria niliyoitaja, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Kama ulipewa, kitafute kwenye lile sanduku la vyeti. Kama hukupewa au kimepotea, nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uombe taarifa ya michango yako, ambapo jina la mwajiri na miezi aliyokuchangia huonekana. Kama wakati ule mlikuwa PPF, mfuko huo uliunganishwa na mingine mwaka 2018 kuwa PSSSF, basi anzia hapo kuuliza. Mkataba wa zamani au hati ya mshahara navyo vinasaidia. Na mtu akitilia shaka kama kampuni ilikuwepo kweli, kumbukumbu za makampuni ziko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Kwa kipindi cha zamani hivyo, mwajiri mwenye akili anataka tu kujua kuwa hukuibuni. Hatarajii mtu wa kumsimulia ulivyokuwa unafanya kazi miaka kumi na tano iliyopita.

Wasomaji wa Kenya, najua mpo: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimisha mwajiri kukupa cheti cha utumishi isipokuwa kama ulifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Lakini kifungu hichohicho kinasema halazimiki kukuandikia barua ya sifa au ya tabia. Cheti ni haki, maneno mazuri ni hiari yake. Ndiyo maana huwa nasema barua ya sifa iombwe wakati bado mnaagana vizuri.

Sasa jinsi ya kuwaomba. Piga simu. Ujumbe wa WhatsApp unampa mtu nafasi ya kujibu "sawa" bila kufikiri, na "sawa" ya namna hiyo haina kazi. Yule mkuu wa zamani ni mkubwa wako, anza na shikamoo, uliza afya, uliza shamba, uliza wajukuu, usiharakishe. Kisha sema shida yako: "Mkuu, kuna nafasi naomba Dodoma, ya uhasibu. Wanataka mtu aliyeniona nikifanya kazi, nikakukumbuka wewe. Je, utakuwa na nafasi ya kuongea nao wakikupigia? Na kama unaona kuna jambo la kazi yangu halikukupendeza, niambie mimi kwanza, nitakuelewa."

Sentensi ile ya mwisho usiiache. Sisi kukataa usoni hatujui. Mtu atakwambia "haina shida, weka tu jina langu" huku moyoni hataki, na siku ya siku simu haipokelewi. Sikiliza anavyokubali. Anayekubali kweli huuliza: nafasi gani? Shirika gani? Watapiga lini? Anayesema "tutaona, Mungu akipenda" na kuhamia kwenye habari za mvua amekwishakujibu. Mshukuru, mtafute mwingine, wala usimwekee kinyongo.

Akikubali, mtumie ujumbe mfupi. Si wa kumlisha maneno. Ni wa kumkumbusha, maana na yeye ana umri wake. Unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mkuu. Asante kwa kukubali. Nafasi ni mhasibu mwandamizi, shirika la miradi ya maji Dodoma, tangazo nimeambatisha. Tulikuwa pamoja shuleni kuanzia Januari 2015 hadi Juni 2019. Wanatafuta mtu wa kusimamia malipo na kuandaa taarifa za wafadhili. Huenda wakauliza kuhusu ule mwaka tuliohamisha malipo ya ada kwenda benki, na ule uhakiki wa mishahara. Simu inaweza kutoka kwenye namba usiyoijua, kati ya Jumatatu na Ijumaa wiki ijayo. Naomba sana uipokee."

Angalia tarehe. Nazitaka ziwemo kwa sababu mdhamini akisema 2013 na CV yako inasema 2015, mimi sijui ni nani amesahau, na sina muda wa kupeleleza. Naandika alama ya kuuliza, na alama hiyo haifutiki. Hizo nilizoandika hapo juu ni za mfano, wewe weka zako halisi.

Na ile namba usiyoijua. Siku hizi watu hawapokei namba ngeni, na nani awalaumu, na hizi jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinazoingia mchana na usiku? Mdhamini wako mzuri kuliko wote anaweza kukukosesha kazi kwa kudhani anapigiwa na tapeli. Ukijua ni lini wanapiga, mwambie siku ileile asubuhi. Ukiweza kupata namba ya ofisi itakayopiga, mpe aihifadhi kabisa. Barua pepe ya mstaafu nayo uihakiki, kuna wanaoifungua mara moja kwa mwezi kwa msaada wa mjukuu. Muulize anapendelea njia gani, kisha uandike hiyo kwenye fomu.

Kuhusu kutoa namba za watu, uwe na mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, namba ya mtu haitolewi bila ridhaa yake. Kama tangazo halijataka majina mwanzoni, andika kwenye CV kwamba wadhamini watatolewa wakihitajika. Na kama "mwajiri" anataka namba za wadhamini watatu kabla hajataja hata jina la ofisi yake, au anazungumzia ada ya usaili, achana naye. Siku mbili baadaye wadhamini wako ndio watakaoombwa pesa kwa jina lako.

Wafundishe kusema udhaifu wako, tena wa kweli. Nikiuliza "kinachomshinda ni nini?" na nikajibiwa "huyu hana kasoro," simu imeshapoteza thamani. Mkuu wa shule akisema, "Ni mkali kwa wanaochelewesha marejesho ya masurufu, kuna walimu walilalamika," yaani fedha walizopewa mapema kwa shughuli za kazi, namwamini na mengine yote aliyosema kabla. Ongea naye hilo mapema. Mwambie hutaumia.

Usimpange rafiki ajifanye bosi wako wa zamani. Najua linafanyika, na namba ya simu haisemi ni ya nani kwa haraka hivyo. Lakini nikimuuliza ofisi ilikuwa upande gani wa barabara, mlikuwa wangapi idara ya fedha, na nani alikuwa anasaini hundi ya pili, ukimya unaofuata naufahamu vizuri. Anayeajiri mhasibu hasamehi kosa la aina hiyo.

Lingine: soma fomu vizuri uone wanataka mdhamini wa namna gani. Kuna waajiri ambao, kwa kazi zinazoshika fedha, baada ya kukuchukua wanataka watu wa kukuwekea dhamana ya mali, wasaini kwamba hasara ikitokea watalipa, na fomu ipite serikali ya mtaa. Hao si hawa tunaozungumzia. Usimpe mkuu wa shule mstaafu karatasi ya namna hiyo akadhani anathibitisha tabia yako tu, akaja kugundua ameweka nyumba yake rehani. Fomu kama hiyo apelekewe mtu wa familia, asomewe kila mstari, na akikataa aachwe kwa amani.

Hukuuliza kuhusu umri, lakini nausikia nyuma ya swali lako. Serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa miaka 45 kwa anayeingia mara ya kwanza, isipokuwa walio tayari kazini serikalini, kwa hiyo mlango huo kwako umepita. Mashirika na kampuni binafsi hawana ukomo huo. Shirika linalolipwa na wafadhili linamtaka mtu ambaye hesabu zake zitapita kwenye ukaguzi, na wewe una mkaguzi wa kulisema hilo. Usiombe radhi kwa umri wako kwenye barua ya maombi. Nimesoma barua nyingi zinazoanza na "ingawa umri wangu umesogea," na siku zote zinanifanya niwaze umri ambao sikuwa nauwaza.

Basi fomu yako ikae hivi: mkuu wa shule wa zamani kama msimamizi, mkaguzi awe wa pili akiruhusiwa, na kijana wa kompyuta au yule karani awe wa tatu. Mkaguzi akikwama, muingize mtu wa ile kampuni ya Dar es Salaam. Mwajiri wa sasa chini yao, na ile sentensi ya idhini.

Na mjomba. Mjomba anakupenda, na ndiyo sababu hafai. Zaidi ya hapo, simu yake kwa mkurugenzi ni kimemo, hata akiipiga kwa nia njema kabisa. Mashirika yanayopokea fedha za wafadhili huwa makali kwa mambo ya undugu na ukubwa, na mkurugenzi aliyepigiwa na mkuu wa wilaya mstaafu anaweza kukuondoa kwenye orodha ili tu ajilinde asije akaulizwa baadaye. Kamzuie leo, kabla hajaipiga. Nenda nyumbani kwake, usimalize kwa simu. Mwambie fomu imetaka watu mliofanya nao kazi tu, ndugu hawaruhusiwi. Kisha muulize alivyokuwa anafanya usaili wa watendaji enzi zake, umwache azungumze. Ana mengi ya kukufundisha kwa ajili ya usaili wako, na atajiona ameshiriki.